Bulabo na Watoto: Vidokezo 12 vya Kwenda Bujora na Kurudi Mkicheka

Juni ikiingia, Mwanza inakuwa imekauka. Mvua zimekwisha, mavuno yako nyumbani, vumbi la barabarani limeanza kupaa, na Bujora ngoma zinalia. Huo ndio msimu wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma inayofanyika kila mwaka Bujora, Kisesa, wilayani Magu, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji. Watu wazima wengi huenda kuona nani kashinda. Mzazi mwenye watoto huenda na swali lake pembeni: je, siku itaisha bila mtu kulia? Itaisha vizuri tu, mradi ujue mambo machache kabla ya kutoka nyumbani.

1. Mwambie mtoto kwamba yeye ni mwamuzi

Ngoma za Usukumani zina pande mbili zisizopikika chungu kimoja: Bagika na Bagalu. Simulizi zinaurudisha ushindani huo karne ya 19, kwa wachezaji wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, waliobishana nani anajua kucheza na nani ana dawa kali zaidi. Wangeamuliwaje? Kwa watu. Pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na yule aliyevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Ndiyo maana utaona mbwembwe za kila namna, sanamu, wanyama, vichekesho na mavazi ya ajabu. Kila kikundi kinapigania macho yako.

Sasa fikiria maana yake kwa mtoto. Anayekuvuta mkono kutoka duara hili kwenda lile hakusumbui, anapiga kura. Kura yake ni sawa na ya mzee mwenye bakora aliyesimama jirani. Kwa hiyo acha kumwambia "tulia hapa", mfuate. Kama mko na watoto wawili na watu wazima wawili, gawaneni, kila mtoto na mtu wake mzima, kisha kutaneni baada ya nusu saa mhojiane: upande gani mkali, na kwa nini? Mtoto anayejua ataulizwa huangalia kwa makini kuliko aliyeletwa tu.

2. Tarehe itafute kwenye kalenda ya kanisa

Bulabo haina tarehe moja ya kudumu. Imeshikamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo huangukia Alhamisi ya siku 60 baada ya Pasaka, na sehemu nyingi huadhimishwa Jumapili inayofuata. Pasaka ikisogea, Bulabo nayo inasogea. Miaka mingi hudondokea Juni.

Asili ya jambo hili ni Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyeanza kazi Bujora miaka ya 1950. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Aliona ngoma za wenyeji hazipingani na ibada, akaziruhusu zisindikize sikukuu, na hadi leo siku ya kwanza huanza na misa kabla ya ngoma kushika uwanja.

Sherehe huchukua siku kadhaa, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua. Mwenye watoto wa darasa la tatu kwenda juu asikose siku ya ufunguzi, maana ndiyo yenye shamrashamra. Mwenye wa chini ya miaka mitano achague siku ya katikati ya wiki. Umati ni mdogo, kivuli kinapatikana, na mtoto anaona miguu ya wachezaji badala ya migongo ya watu. Wiki moja kabla, ulizia Bujora kwenyewe ratiba ya mwaka huo.

3. Wahi kwenda, wahi kurudi

Kutoka mjini ni barabara ya Musoma moja kwa moja: Buzuruga, Nyakato, Igoma, kisha Kisesa. Daladala zipo, na kutoka barabara kuu hadi Bujora ni mwendo mfupi wa miguu au bodaboda. Ukipanda boda, kila mtu mzima na mtoto wake mmoja. Mshikaki wa mama, watoto watatu na begi uwaachie wengine.

Mnaotoka Sengerema na Geita mambo yamerahisika. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, hakuna tena kupanga siku nzima kwa kufuata foleni ya kivuko. Na daraja lenyewe ni tamasha la kwanza la siku: wape watoto upande wa dirishani.

Saa ya kuondoka iwekeni kabla ya kutoka nyumbani. Ngoma hunoga jioni, na jioni hiyo hiyo ndiyo kila mtu anagombania daladala ya kurudi. Kwa watoto wadogo, saa kumi na nusu mko barabarani. Wakubwa mnaweza kunyoosha hadi saa kumi na mbili kasoro.

4. Vaa kwa hali mbili za hewa

Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Juni asubuhi kuna kaubaridi, upepo wa ziwa ukiongeza. Saa tano jua limeshakuwa kali na vumbi limepanda. Sweta jepesi la kuvua, kofia pana, viatu vya kufunika vidole. Ndala ziache nyumbani, kwani kwenye umati hukanyagwa nyuma, mtoto akabaki na moja.

Beba kanga mbili. Ya kwanza mnakalia, ya pili ni pazia la kumbadilishia mtoto nguo, kivuli cha dharura, shuka la usingizi na mbeleko. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja aje na mbeleko badala ya kigari, maana magurudumu hayapendi ardhi ya pale.

5. Namba ya simu mkononi, jina kamili kichwani

Muulize mtoto wako leo: "Mama yako anaitwa nani?" Wengi watajibu "Mama Neema." Mtangazaji mwenye kipaza sauti hawezi kumpata Mama Neema kwenye umati wenye kina Mama Neema ishirini. Wiki nzima kabla ya safari mfundishe majina yako mawili na mtaa mnaokaa.

Asubuhi ya siku yenyewe, andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino ndani ya mkono wake, karibu na kiwiko, sehemu isiyofutika kwa kunawa. Mpige picha kabla ya kutoka ili ukiulizwa kavaa nini usianze kukuna kichwa. Mkifika, chagueni mahali pa kukutania pasipohama: mlango wa kanisa unafaa, gari la mtu halifai. Sheria ya kupotea iwe moja: simama hapo hapo, tafuta mama mwenye mtoto, mwonyeshe namba ya mkononi.

6. Salamu kwanza

Usukumani salamu ni mlango wa kila kitu. Kabla ya kushuka garini, wafundishe watoto "mwangaluka" ya asubuhi na "mwadila" ya mchana kuelekea jioni. Wakimkuta bibi, "mwangaluka mayu". Mzee wa kiume, "mwangaluka baba". Kwa asante ni "wabeja". Maneno manne, na mtoto wa mjini anayeyatamka huku akipiga goti kidogo atapata tabasamu, mahali pa kukaa mbele, na pengine kipande cha muwa asichokiomba. Mtoto mwenye haya asilazimishwe, aamkie akiwa ameshika mkono wa mama.

7. Jueni ngoma mtakazoziona

Mtoto akijua anachosubiri, hachoki haraka. Hizi nne zinatosha kwa kuanzia.

Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Ilitoka kwenye vikundi vya kulima kwa pamoja, ngoma ikipigwa ili majembe yashuke kwa mpigo mmoja. Siku hizi wachezaji huzungusha jembe, hulirusha juu na kulidaka, huku njuga zikilia miguuni. Waambie watoto wahesabu mpigo. Kabla ya dakika tano watakuwa wameshika. Kisha warudishe hatua mbili nyuma, maana ni majembe ya kweli.

Wigashe huchezwa watu wakiwa wameketi, kwa kuimba na kuyumba. Ndiyo ngoma ya kumpeleka mtoto aliyechoka, maana wachezaji wamekaa, naye akae.

Banungule ni ya wawindaji wa nungunungu, wale waliokuwa wakiingia mashimoni kumfuata mnyama mwenye miiba. Mtoto yeyote atauliza: "Waliingiaje?" Mwelekeze kwa mzee aliye karibu, atapata hadithi.

Ya nne ni ya Bayeye, nayo inahitaji kidokezo chake.

8. Chatu: tazama, usiguse

Bayeye ni chama cha watu wa nyoka. Kwa asili ni wakamataji wa nyoka na waganga wa waliong'atwa, na ngoma yao huchezwa na nyoka wa kweli, mara nyingi chatu. Mchezaji hujivisha nyoka shingoni, humkaribisha usoni, humzungusha mbele ya watazamaji, na umati mzima husogea nyuma kwa pamoja kama mkeka unaokunjwa. Kama kuna tukio litakalosimuliwa shuleni Jumatatu, ni hili.

Mambo matatu. La kwanza, mtoto mwenye woga umwambie mapema kwamba nyoka yupo, na mtasimama mbali. Anayeshtukizwa na chatu hataki tena ngoma yoyote siku hiyo. La pili, usimsogeze mtoto mbele ili upate picha nzuri, hata mchezaji akikuita. La tatu ndilo kubwa: kabla ya kulala siku hiyo, mweleze kwamba wale wamejifunza kwa miaka, na kwamba nyoka wa porini au wa nyuma ya choo haguswi, hapigwi mawe, haitiwi wenzake waje kumwona. Mtoto anarudi nyuma taratibu na kuita mtu mzima.

9. Mchana wa jua kali uwe wa makumbusho

Kuanzia saa sita hadi saa tisa jua halina huruma. Hapo ndipo familia nyingi hugombana. Nyinyi ingieni Makumbusho ya Wasukuma, yaliyo hapo hapo Bujora, mchukue mwongozaji.

Kwa mtoto anayependa kujenga, hapa ndipo penyewe. Jengo linalohifadhi habari za watemi, yaani watawala wa Kisukuma, limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mwache azunguke nje kwanza agundue mwenyewe, usimwambie. Ingieni na kanisani: altare imefuata umbo la kiti cha enzi, na tabenakulo imetengenezwa kama nyumba ya Kisukuma, ngao na mikuki ikiwa mlangoni. Kuna nyumba ya mtemi na nyumba ya mhunzi. Kwa mhunzi muulize mwongozaji jinsi chuma kilivyoyeyushwa na kazi ya mivukuto, kisha mwache mtoto avukute kwa mikono mitupu hadi ajue ilikuwa kazi.

Usiondoke bila kuulizia lile pipa la kuzungusha lenye namba. Linaonyesha namna mbalimbali ambazo makundi ya rika ya Wasukuma yalihesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na hesabu yake, na asiye wa rika hilo alibaki nje. Watoto hawahitaji maelezo marefu hapo. Kabla hamjatoka getini watakuwa wameshatunga hesabu yao ya siri dhidi yenu.

10. Kula cha hapo, maji beba yako

Juni ni wakati wa viazi vitamu, na Usukumani viazi haviliwi mara moja. Vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa ni matobolwa. Matobolwa ni pipi ya asili: matamu, yanatafunwa taratibu, hayayeyuki mfukoni, na mtoto mwenye tobolwa mdomoni haulizi "tunarudi lini". Nunueni na ya nyumbani.

Karanga za kuchemsha, miwa na mahindi ya kuchoma ni salama ukiona vinavyoandaliwa. Samaki wa kukaanga achaguliwe yule anayetoka kwenye mafuta sasa hivi, na miba umtolee mtoto mwenyewe. Sato ana miba michache mikubwa, dogo asiachiwe peke yake. Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani, lita moja na nusu kwa kila mtoto. Sabuni na maji ya kunawa uweke kwenye chupa nyingine, na karatasi za chooni usizisahau.

11. Chenji ya kutuza, na adabu ya kamera

Mchezaji akifurahisha, hutuzwa. Watu huingia uwanjani wakicheza, wakamwekea noti au kumtupia sarafu, wakarudi. Mpe mtoto sarafu zake mwenyewe, za mia mbili na mia tano, na umwambie ndizo zote za siku. Sasa kura yake ina uzito, na utamwona anavyokuwa mgumu: atazunguka maduara yote kabla ya kutoa. Asiingie peke yake penye majembe au nyoka, mshike mkono, ingieni kwa kucheza, na msikae katikati.

Kamera iwe na adabu. Ukitaka picha ya karibu ya mchezaji, omba kwanza, na ukimpiga, mtuze. Mzee aliyevaa ngozi na shanga hajavaa kwa ajili ya simu yako, na mtoto anajifunza hilo kwako. Hadhi ya mambo haya si ndogo: hapa hapa Kisesa, Septemba 2021, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya.

Muziki wa spika siku hizi nao ni mkubwa. Watoto wachanga wawekeni mbali na spika. Ngoma yenyewe inasikika hata ukiwa nyuma ya kanisa.

Na vumbi lote hilo likiwafanya watoto waombe ziwa wakati wa kurudi, jibu ni bomba la nyumbani. Maji ya kina kifupi penye magugu pwani ya Ziwa Victoria ni makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na dakika chache za kuchezea maji zinatosha kuambukizwa. Wanaotaka ziwa wapelekwe siku nyingine Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, watazame pimbi na pundamilia kutoka nchi kavu.

12. Kesho yake, jengeni Bujora sebuleni

Mtoto hawezi kusimulia yote aliyoyaona, ila anaweza kuyajenga. Siku inayofuata, toa vifaa: mabua, vizibo vya soda, maboksi, udongo wa mfinyanzi, vijiti. Kazi yao ni moja: jengeni nyumba yenye umbo la kitu, kama lile jengo lililofanana na kiti. Nyumba ya umbo la ngoma? Ya samaki? Ya jembe? Aliyependa chatu atafinyanga chatu, aliyependa bodaboda atafanya foleni ya Igoma. Vizibo ni magurudumu, na vikitobolewa na kufungwa uzi ni njuga.

Kama nyumbani kuna matofali ya plastiki ya kupachika, yaingizeni. LEGO, kampuni iliyoanzia karakana ya seremala Ole Kirk Christiansen huko Billund, Denmark, mwaka 1932, ilisajili mfumo wa tofali lake la sasa Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado linapachikana na la leo. Matofali sita tu ya vifundo vinane, yakiwa ya rangi moja, yanaweza kupangwa kwa njia zaidi ya milioni 915. Sita yanatosha, basi. Hakuna haja ya kununua boksi zima. Udongo nao hauna idadi, na hauuzwi.

Wakikwama, usiwajengee. Uliza: "Wachezaji wanaingilia wapi? Watu wanasimama wapi? Mtemi anakaa wapi?" Kijiji kitakamilika chenyewe, kikiwa na maduara mawili, ugomvi mmoja na ng'ombe wengi kuliko watu. Kazi yako imebaki moja: udongo ukaushwe kivulini siku mbili tatu. Ukiuanika juani unapasuka, na mtemi anabaki bila kiti.